Amana ya Aliyesimulia

Katika maswali yote ambayo wasomaji humwuliza mtunzi wa hadithi, liulizwalo mara nyingi zaidi, na lijibiwalo kwa wepesi kuliko listahilivyo, ni swali la asili: hadithi hizi umezitoa wapi? Aghalabu mtunzi hutaja vitabu alivyovisoma ujanani, au humtaja mwalimu aliyemtia shime, au husema kwamba ilhamu ilimjia usiku pasipo yeye kuitafuta, kisha mazungumzo yakageukia mambo mengine. Majibu hayo si ya uongo, walakini hayatoshi, kwa maana yanaanza hesabu katikati. Kabla ya kitabu kulikuwa na sauti, na kabla ya sauti ya mwalimu darasani kulikuwa na sauti ya mtu wa nyumbani, bibi au babu, mjomba au jirani wa barazani, aliyesimulia jambo lililomfika, akaanzia pale alipotaka kuanzia na akanyamaza pale alipotaka kunyamaza. Mimi niandikaye maneno haya naishi Frere Town, upande wa bara ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, na kwa muda mrefu nimejishughulisha na kazi ya kutunga. Na kila nikizidi kuifikiri kazi hiyo nazidi kuwa na yakini kwamba athari ya kwanza juu ya mtunzi, na iliyo kubwa kupita zote, haitoki katika kitabu wala kwa mwandishi mashuhuri, bali hutoka kwa yule aliyemsimulia, na kwamba ufundi wa riwaya, ukichimbuliwa hadi shinani, ni namna ya kuitunza amana ya mtu huyo.

Mji huu ni mahali pafaapo kulitazamia jambo hilo, kwa sababu wenyewe ulianzishwa na watu ambao hadithi zao zilikatwa zingali zikisimuliwa. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Unguja kumshawishi sultani wake, Sayyid Barghash bin Said, aikomeshe biashara ya watumwa ya baharini, na mwezi wa Juni mwaka uo huo mkataba ukatiwa sahihi, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini kuifunga biashara kwa wino ni jambo moja, na kuwapatia makao wale walioteremshwa kutoka majahazini na manowari za Kiingereza, wasio na kwao pa kurudi wala njia ya kurudia, ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo mwaka 1875 Church Missionary Society, kwa mkono wa kasisi William Salter Price, ilipata ardhi upande huu wa bara unaotazamana na kisiwa, ikaanzisha makazi yaliyopewa jina la Frere. Walioletwa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wengi wao wametekwa wakiwa watoto. Na pamoja nao walikuja Waafrika waliokombolewa zamani zaidi na kulelewa katika kituo cha misheni cha Nasik, nchi ya India, ambao sasa walirejea wakiwa mafundi, walimu na wahubiri. Likajengwa kanisa, ikafunguliwa skuli, ikatundikwa kengele ya kuwahadharisha watu wakati wa hatari, na mnara wake ungali umesimama hadi leo penye njia panda ya Nyali, pale ambapo magari ya Kisauni na ya Kongowea yanapishana asubuhi na jioni.

Mtu mzima aliyefika hapa alikuwa na jina alilopewa na mama yake, nalo halikuandikwa popote. Lililoandikwa katika daftari ya misheni ni jina la ubatizo. Alikuwa na lugha ya utotoni, nayo ikamponyoka polepole kwa kukosa wa kusema naye, nafasi yake ikashikwa na Kiswahili. Alikuwa na kijiji, mto, kaburi la babu na wimbo wa kubembelezea watoto, na hayo yote akawa anayo kichwani peke yake. Mtu wa namna hiyo akizeeka na akazungukwa na wajukuu waulizao maswali, husimulia. Lakini masimulizi yake yana mapengo, na mapengo hayo hayatokani na usahaulifu peke yake, bali hutokana pia na heshima, na aibu isiyo haki yake kuibeba, na upole wa mzee asiyependa kuwarithisha watoto uchungu ambao hawakuuomba.

Mtoto mmoja wa mji huu aliyeyasikiliza masimulizi hayo kwa makini, na akayatia katika kitabu, ni James Mbotela. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliotekwa katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa, wakakombolewa baharini, wakaletwa kukaa hapa. Na kitabu cha mwana, *Uhuru wa Watumwa*, kilichapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1934, na tafsiri yake ya Kiingereza ikatoka mwaka 1956. Wataalamu wa fasihi wamejadiliana sana kama kitabu hicho kiitwe riwaya au kiitwe tarikhi, na wapo wanaokihesabu kuwa miongoni mwa vitangulizi vya riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa na Mwafrika. Kwangu mimi mjadala huo una faida moja kubwa, nayo ni kwamba unatufikisha penye mlango wenyewe wa ufundi. Wazee kadhaa walisimulia mambo kadhaa, kila mmoja kwa mpango wake na kwa kiasi cha kumbukumbu yake. Mwandishi akaja akayapanga masimulizi yaliyotawanyika yakawa safari moja yenye mwanzo, katikati na mwisho, kutoka kijiji chenye amani hadi pingu, kutoka pingu hadi jahazi, na kutoka jahazi hadi ufuo wa Kisauni. Hapo ndipo utunzi unapozaliwa, kwa kuwa maisha hayakumjia mtekwa katika mpango ule; yalimjia katika fujo na giza, na ni mwandishi aliyeyatafutia utaratibu ili mtu mwingine aweze kuyapitia kwa kusoma.

Hata hivyo utaratibu haupatikani bure, na kila anayekisoma kitabu hicho kwa mapenzi hana budi kukisoma pia kwa macho yaliyo wazi. Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi kinavyowasifu Waingereza kwa sifa nyingi na kuwalaumu Waarabu kwa lawama nyingi, hata msomaji akadhani kwamba uovu wote ulikuwa upande mmoja na wema wote upande wa pili. Sheldon Press ilikuwa mkono wa uchapishaji wa jumuiya ya Kiingereza ya kueneza elimu ya Kikristo, na mwandishi alikuwa amelelewa katika mji uliojengwa na misheni, akiandika katika siku za utawala wa kikoloni. Sisemi haya kwa kumlaumu mzee wetu, ambaye bila yeye tungekuwa maskini wa kutisha. Nayasema kwa sababu yanafundisha juu ya athari somo ambalo halifundishwi na orodha ya vitabu vilivyopendwa. Mtunzi huandika akiwa amezungukwa na masikio mengi: lipo sikio la aliyemsimulia, lipo la mlezi wake, lipo la mchapishaji mwenye karatasi na mtambo, na lipo la msomaji asiyejulikana bado. Kila sikio huivuta sentensi upande wake. Asiyejua kwamba anavutwa huenda kokote anakopelekwa, na anayejua huweza kuchagua. Na mimi naamini kwamba palipo na mgongano kati ya masikio hayo, haki ya kwanza ni ya aliyesimulia, kwa maana wengine wote wana njia nyingine za kujipatia maneno, ilhali yeye hana ila hii.

Hali hii ya mmoja kuwa na kumbukumbu na mwingine kuwa na kalamu haikuanza na Mbotela. Katika miaka ya 1880 alikuwapo hapa kasisi wa misheni aitwaye William Ernest Taylor, mtu aliyekipenda Kiswahili cha Mvita kwa mapenzi ya kweli, akakusanya methali zake zilizochapishwa mwaka 1891, na akakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Lakini mashairi yale Taylor hakuyaokota njiani. Alisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa mji, aliyejua nani anakumbuka ubeti upi, na shairi lipi lilijibu tukio gani, na neno lipi limekosewa katika midomo ya watu. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa mwaka 1940 kwa juhudi ya William Hichens, Mwalimu Sikujua alikuwa amekwisha kufa kitambo. Kila nifikapo katika beti zile humkumbuka yeye kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa daraja ambalo mashairi yalipita juu yake, na daraja halitajwi na wasafiri isipokuwa likikatika.

Na kabla ya hao alikuwapo Jacob Wainwright, mmoja wa vijana waliolelewa Nasik, aliyekuwa katika msafara uliouchukua mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo hadi pwani, na ambaye katika safari ile ndefu ya 1873 na 1874 alikuwa akiandika daftari ya mambo ya njiani. Yeye ndiye aliyechonga maandishi katika mti ambao moyo wa msafiri yule ulizikwa chini yake, na baadaye alipata kuhudumu katika misheni ya Frere Town. Nikimfikiri kijana yule, aliyepokonywa kwao akiwa mtoto, akafundishwa kusoma ng'ambo ya bahari, akarejea barani akiwa na kalamu na karatasi mzigoni, naona kwamba ada ya kuandika ina mizizi katika ardhi yetu kuliko tunavyodhani, na kwamba mtu aliyevuliwa kila kitu hushika daftari kwa nguvu ambayo mwenye raha hana.

Baada ya sauti ya aliyesimulia huja lugha, na mtunzi wa Mombasa anakutana hapa na sharti zito. Mwaka 1928 wajumbe kutoka makoloni ya Afrika Mashariki walikutana katika mji huu wetu wa Mombasa, wakaamua kwamba msingi wa Kiswahili cha vitabu na skuli uwe Kiunguja, ijapokuwa walikuwapo waliotetea Kimvita kwa hoja za nguvu, wakitaja ushairi wake mkongwe na misamiati yake. Tangu hapo mwandishi wa upande huu huandika kwa lugha moja na huota kwa nyingine. Wapo walioliona jambo hilo kuwa msiba, nami siwakatazi huzuni yao. Lakini mazoea ya kazi yamenifundisha kuliona pia kuwa mali. Msimulizi wangu wa kitabuni hunena kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa nataka aeleweke Tanga na Kisumu, Bukavu na Maskati. Ila wahusika wangu hunena kama wanenavyo watu wenyewe, mzee wa Kisauni kwa Kimvita chake chenye staha, mchuuzi wa sokoni Kongowea kwa lugha ya haraka iliyochanganya Kigiriama na Kikamba, na kijana anayeita abiria mlangoni mwa matatu kwa maneno ambayo mwakani yatakuwa yamekwisha kubadilika. Baina ya sauti hizo pana nafasi, na katika nafasi hiyo msomaji humtambua mtu kabla hajaambiwa jina lake. Mzee aliyenisimulia akisikia mhusika wake ananena kwa ulimi usio wake, atajua mara moja kwamba amana imeguswa.

Vitabu navyo vina haki yao, wala sipendi nidhaniwe kuwa navidharau. Kizazi kilichotangulia kilisoma hadithi za *Alfu Lela u Lela* zilizofasiriwa kwa Kiswahili, kikasoma *Kisiwa Chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani* zilizofasiriwa na Frederick Johnson, na wengi walijifunza humo namna ya kumshika msomaji asikiweke kitabu chini. Aliyetuonyesha kwa uzuri zaidi jinsi ya kupokea athari bila kumezwa nayo ni Sheikh Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909. Wahakiki wamebainisha kwamba *Adili na Nduguze* ina asili yake katika kisa kimoja cha *Alfu Lela u Lela*. Lakini aisomaye hukuta kwamba kisa kimepita katika nafsi ya mtu mwenye maadili yake, huzuni yake na mizani yake ya sentensi, hata mifupa ya hadithi ikawa ya kale na pumzi yake ikawa mpya. Vivyo hivyo Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* ilimpatia ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958, alichukua mpelelezi wa hadithi za Kiingereza akamfanya Bwana Msa na kiko chake, akamtia katika mashamba na mitaa ya Unguja, miongoni mwa watu wenye siri za ukoo na imani za mizimu, kiasi kwamba fumbo la nani aliyeua likawa fumbo la jamii nzima. Na katika pwani yetu ya Kenya, Katama Mkangi, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliitwaa ada ya ngano akaitia maudhui ya dhuluma ya leo katika *Mafuta* na *Walenisi*, akimsafirisha Dzombo wake hadi nchi ya mbali ili sisi tujione wenyewe kwa ukaribu zaidi. Watatu hao waliazima umbo, na wote walilijaza kwa kile walichokisikia kwao.

Nije sasa kwenye mazoea ya kazi yenyewe, ambayo watunzi chipukizi huyaulizia kwa shauku, kana kwamba iko saa au iko kalamu itakayowafungulia mlango. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kazi zake adhimu ziliandikwa na mtu aliyekuwa na ajira ya mchana na familia ya kuilisha. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, akakaa gerezani hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga humo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliiandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za msalani, riwaya ambayo baadaye Waswahili waliisoma kwa jina la *Shetani Msalabani*. Adam Shafi wa Unguja alipitia jela baada ya mauaji ya Rais Karume ya 1972, na miaka mingi ikapita kabla ya tajiriba hiyo kuiva ikawa riwaya ya *Haini*, iliyotoka mwaka 2003. Ukiwatazama wanne hao pamoja hutaona saa moja inayowaunganisha, wala meza, wala utulivu, wala karatasi nzuri. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na jambo asiloweza kuliacha lipotee, akalirudia kila siku kwa njia iliyokuwapo.

Mimi huandika alfajiri, katika muda mfupi ulioko baina ya adhana na ngurumo ya magari ya kwanza, kwa sababu katika saa hiyo sauti za watu nilizozisikia jana bado hazijafunikwa na sauti za leo. Lakini sehemu kubwa ya kazi si kuandika, ni kurudia. Na katika kurudia najifunza kutoka kwa mafundi wa majahazi, ambao baada ya kuziunga mbao huketi kwa subira wakitia kalafati, wakishindilia pamba yenye mafuta katika kila mwanya, kazi ambayo chombo kikishashushwa majini hakuna atakayeiona, na ambayo pasipo hiyo chombo hakifiki. Mwanya katika hadithi ni sentensi isemayo kweli nusu: mhusika analia kwa sababu mwandishi anataka alie, au anasamehe kwa sababu sura imekaribia kwisha. Njia yangu ya kuitafuta mianya hiyo ni kusoma kwa sauti mbele ya mtu, hasa mtu mzima asiyejali sifa za fasihi. Ngũgĩ ameeleza jinsi riwaya ile ya Kamiti ilivyokuwa ikisomwa kwa sauti majumbani na vilabuni, mmoja akisoma na wengi wakisikiliza. Na hakika riwaya za Kiswahili nazo huwa na siha zaidi zikipitia hukumu hiyo. Msikilizaji hasemi kwamba muundo una kasoro. Hutazama pembeni, au hujifunga upya kanga, au huuliza, kwani huyu mama yake alikuwa wapi siku zote hizo? Na katika swali hilo moja yumo mhakiki niliyemhitaji.

Swali hilo, mama yake alikuwa wapi, ndilo linalonirejesha katika yale mapengo ya wazee, ambayo kwayo naamini riwaya iliumbwa. Karatasi za misheni kuhusu Frere Town, barua, taarifa na ripoti za mwaka kwa mwaka, zimehifadhiwa vizuri katika chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, na anayetaka kujua makasisi walifikiri nini atalijua huko. Lakini upande wa pili wa mambo hayo yale yale, yaani alichokifikiri mwanamke wa Kiyao alipoitwa kwa mara ya kwanza kwa jina jipya, au alichokiota mvulana wa Kimakua usiku wa kwanza akiwa juu ya manowari, akiwa hajui kama waliomchukua kutoka kwa waliomchukua ni afadhali au ni wabaya zaidi, hayo hayakuhifadhiwa Birmingham wala pengine popote. Mwanatarikhi akifika hapo husimama, na ni haki yake kusimama, maana ameapa asivuke ushahidi. Mtunzi wa riwaya huanza safari yake pale pale.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuondoka kwao akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, alipopokea tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021 alizungumza juu ya jambo hili katika hotuba yake. Alieleza kwamba tangu skuli kuandika kulikuwa raha kwake, ila ukubwani raha hiyo iliungana na wajibu, alipoona historia nyepesi inajengwa na wenye nguvu juu ya mambo aliyoyajua kuwa magumu na yenye pande nyingi, naye akakataa kuacha wepesi huo upite. Katika riwaya yake ya *Paradise* ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la *Peponi*, mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kwa sababu ya deni. Hafungwi mnyororo, na anayemchukua si zimwi, bali ni mtu mwenye adabu na manukato, aliyezoea kuitwa Ami. Msomaji hapati pa kuuweka uovu wote ili ajisikie salama. Uovu umo katika desturi, katika hesabu za biashara, katika kunyamaza kwa wazazi, na mtoto anatembea katikati ya hayo akiwa mzuri na akiwa peke yake. Nikiiweka riwaya hiyo kando ya *Uhuru wa Watumwa* naona umbali ambao sanaa yetu imesafiri, wala sioni kwamba kitabu cha pili kinakifuta cha kwanza: Mbotela aliwapokea wazee walivyosema, na Gurnah alikwenda kuwasikiliza waliokosa wa kuwauliza.

Hata hivyo ruhusa ya kuliingia pengo si ruhusa ya kufanya utakavyo ndani yake. Nimejiwekea sharti ambazo nazitii hata zinaponichelewesha. Sharti ya kwanza ni kutokuupamba uchungu: pingu ikitajwa itajwe kwa uzito wake na baridi yake, isigeuzwe kuwa fursa ya maneno mazuri. Sharti ya pili ni kutomnyima mtu yeyote ubinadamu wake wote, si mwindaji wala mwindwa, si kasisi wala nahodha, kwa kuwa mtu akifanywa shetani mtupu au malaika mtupu hawezi tena kutufundisha lolote juu yetu. Sharti ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, ni kutambua kimya kinachoomba kusemewa na kimya kinachoomba kuachwa. Mzee aliyenyamaza kwa kuwa hakuna aliyemwuliza anataka mwandishi. Mzee aliyenyamaza kwa kuwa ameamua, huyo ametoa hukumu yake, na kalamu haina rufaa juu yake. Kuwapambanua wawili hao hakufundishwi na kitabu chochote. Kunatokana na kukaa barazani muda mrefu, na kurudi tena, na kuleta kurasa zilizoandikwa, na kuzisoma mbele ya wenyewe kabla hazijapelekwa kwa mchapishaji.

Kwa ajili hiyo nawaambia vijana wa Kisauni wanaotaka kutunga, na wapo wengi wenye kipaji, kwamba wasikimbilie kutafuta sauti yao wenyewe kabla hawajazitambua sauti walizopewa. Wasome Shaaban Robert na Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed na Gurnah, wasome na vya mbali kadiri wawezavyo. Lakini wakati bado upo waende pia kwa wazee wa mtaa, wakae, waandike majina ya watu na ya mahali, waulize juu ya mama na si juu ya safari tu, na wakubali kwamba aliyewasimulia ana sehemu yake katika kitabu, ya kutajwa kwa shukrani na ya kusomewa kwanza. Wataona kwamba deni hilo haliwafungi. Mtunzi asiyejua anamdai nani wala anadaiwa na nani hutunga kwa kuwafurahisha wenye nguvu wa wakati wake, ilhali anayemjua mdai wake ana mtu mmoja wa kweli wa kumridhisha, na hilo humpa uhuru mbele ya wengine wote. James Mbotela aliandika kilichoweza kuandikwa mwaka 1934, kwa mchapishaji aliyekuwapo na kwa elimu aliyopewa. Yaliyobaki bado ni mengi, na ni sisi tunaoishi mahali hapa, tukiwa na lugha yetu, wachapishaji wetu na uhuru ambao yeye hakuwa nao, ambao hatutakuwa na udhuru wowote tukiacha kuyaandika.